Slabu inayovuja Rau: kabla hujanunua mpako wa mpira

Swali: "Shikamoo mhandisi. Nina nyumba Rau, Moshi. Mwaka 2015 tulimwaga slabu juu tukitegemea kupandisha ghorofa baadaye, na nondo za nguzo bado zimechomoza mpaka leo. Slabu ni mita 10 kwa 8, imelala sawa kabisa. Ghorofa haijajengwa na kila masika tunaweka ndoo sebuleni. Fundi wa kwanza alipiga niru yenye unga wa wotaprufu, ikapasuka kabla ya mwaka kwisha. Wa pili akapaka lami. Masika ya kwanza ilishika, ya pili ikaachia. Sasa kuna kijana ananishauri mpako wa saruji na mpira, anasema unavutika na anaweza kuupaka juu ya hiyo hiyo lami kwa siku moja. Bei yake si ndogo. Nikubali? Na tanki letu la zege la chini ya ardhi, ambalo maji hupungua usiku bila mtu kuchota, lipakwe hicho hicho? Mama wa Rau."

Jibu:

Marahaba mama, na pole kwa kuhangaika miaka yote hiyo. Nianze na lile unalolisubiri. Mpako anaousema kijana huyo upo, ni mzuri, na mimi nimeupaka kwenye mapaa na matanki hapa Arusha na huko kwenu Moshi kwa miaka mingi. Ila asiupake juu ya lami. Na asichanganye hata ndoo moja kabla hamjajua nyufa zako zinafanya nini na maji yanaingilia wapi kwenye zile nondo. Ukimruhusu aanze wiki hii, masika ijayo ndoo zitarudi sebuleni.

Zege halitulii, mama. Tunaliona limekaa kama jiwe, lakini slabu ya mita 10 ikiongezeka joto kwa nyuzi 10 hurefuka karibu milimita 1. Sasa fikiria Januari huko Moshi: alfajiri slabu imepoa, saa nane mchana jua limeipiga lami nyeusi mpaka hukanyagi pekupeku. Tofauti ya nyuzi 30 ndani ya siku moja ni jambo la kawaida kwa uso wa paa. Hiyo ni milimita 3 kwenda, milimita 3 kurudi, kila siku. Mvua ya ghafla ya alasiri ikiishukia slabu iliyochemka, inajikunyata kwa dakika chache. Mwendo huo wote unaishia mahali slabu ilipo dhaifu, yaani kwenye ufa.

Kwa hiyo niru haikuwa na namna ya kudumu. Niru ni uji wa saruji tupu, na saruji nyingi ikikauka hujikunyata. Umeyaona majaruba ya Mabogini maji yakishaondoka, tope linavyogawanyika vipande vipande? Niru kwenye slabu pana hufanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba nyufa zake ni nyembamba kama unywele. Ule unga wa wotaprufu una kazi yake: unapunguza vitundu vidogo vinavyonyonya maji ndani ya saruji. Lakini ufa si kitundu, na hakuna unga unaoweza kuushika ufa unaofunguka na kufunga.

Lami nayo inavutika ikiwa mpya, ndiyo maana ulipata masika moja ya amani. Baada ya hapo jua huikausha mafuta yake, inakuwa ngumu, inapasuka kama ngozi ya mamba. Sisi wa huku juu jua letu ni kali kuliko tunavyolihisi, kwa sababu ya ubaridi wa hewa.

Huo mpako sasa. Huja kwa sehemu mbili: mfuko wa unga, ambao ni saruji na mchanga laini sana, na dumu la maji meupe kama maziwa. Yale maziwa ni polima ya akriliki. Vikichanganywa na kukauka unapata kitu cha rangi ya saruji lakini kinakunjika kama soli ya kandambili. Ninacho kipande mezani kwangu, nilikibandua kwenye ukingo wa ndoo ya kuchanganyia. Nakikunja mara mbili, nakiachia, kinanyooka bila alama. Faida yake kubwa juu ya rangi nyingine ni kwamba kinashikana na zege lenye unyevu, na mvuke uliomo ndani ya zege unaweza kupita polepole badala ya kukisukuma kitoke malengelenge.

Ila kuna jambo wauzaji wengi hawalisemi, na ndilo linaloamua kama fedha yako itapotea. Chukua mpira wa manati. Ushike kwa vidole vyako vikiwa vimeachana upana wa kiganja, uvute milimita 1: hausikii kitu. Sasa ushike vidole vikiwa vimegusana, pasiwe na nafasi kati yake, uvute milimita hiyo hiyo moja: utakatika, kwa kuwa hakuna urefu wa mpira wa kugawana mvuto huo. Mpako ulioshikana vizuri na zege mpaka kwenye midomo ya ufa uko katika hali ya vidole vilivyogusana. Unavutika, ndiyo, lakini pale kwenye ufa hauna kitu cha kuvutia. Kwa nyufa za unywele, unene wa milimita 2 unatosha kuzivusha. Kwa ufa unaocheza, ni lazima uuachie mpako nafasi: unabandika mkanda juu ya ufa ili mpako usishikane na zege hapo katikati, halafu unapaka juu yake pamoja na neti ya faiba. Milimita 1 ikigawanywa kwenye sentimita 10 za mpako uliolegezwa, ni asilimia 1 tu ya kuvutika. Mpako wowote wa maana unaimudu.

Utaujuaje ufa unaocheza? Usiulize mtu, uulize ufa wenyewe. Ondoa lami mahali padogo, safisha, bandika kijiko cha jipsamu iliyokorogwa nzito kukatiza ufa, kama kiraka cha upana wa vidole vitatu. Andika tarehe pembeni kwa penseli. Fanya hivyo sehemu saba hivi, ukizifunika zisilowe. Jipsamu haina uvumilivu; zege likisogea hata kidogo, inakatika. Baada ya wiki tatu za jua na baridi, zilizokatika ni nyufa hai, zilizobaki nzima ni nyufa za kale zilizotulia. Zilizotulia unazipanua kwa grainda zikawa kama herufi V na kuzijaza. Hai ndizo zinazohitaji mkanda.

Sasa nondo zako, ambazo kwangu ni mtuhumiwa wa kwanza. Nondo iliyochomoza kwenye mvua tangu 2015 imeshika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Inasukuma zege linaloizunguka, zege linaachia, na pale nondo inapozamia ndani ya slabu panabaki mwanya mwembamba wa duara. Maji yanateremka kwenye nondo kama kwenye kamba na kuzama humo. Unaweza kupaka mita za mraba 80 bila kasoro ukaacha mianya hiyo, na paa likavuja kama zamani. Mapaa mengi niliyoitwa kuyatazama baada ya kupakwa, katikati yalikuwa salama. Yalishindwa pembeni, kwenye nondo, kwenye mabomba na kwenye kona za ule ukuta mfupi wa kuzungushia paa.

Hapa mama nakuomba ukae na familia muulizane kwa ukweli: ghorofa inakuja? Kama haiji ndani ya miaka kumi hivi, ushauri wangu wa dhati si mpako. Kata nondo chini kidogo ya uso wa slabu, ziba kwa mota nzuri, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga, kisha ezeka bati juu, kwa mteremko na kwa mbao zilizofungwa sawasawa. Bati litakulinda na mvua na jua kwa pamoja, na nyumba itapoa mchana. Najua wengi huliona bati juu ya slabu kama kukata tamaa ya ghorofa, lakini bati linafunguliwa siku yoyote.

Kama ghorofa inakuja, nondo zinabaki na zitunzwe. Zipigwe brashi ya waya mpaka chuma king'ae, zipakwe uji wa saruji wenye polima dhidi ya kutu, halafu kila kundi la nondo lijengewe kisiki cha zege chenye kimo cha sentimita 15 hadi 20, kichwa chake kikiwa na mteremko wa kumwaga maji nje. Mpako utapanda ubavu wa kisiki angalau sentimita 15, na pale nondo zinapotoka juu ya kisiki pazibwe kwa gundi ya mpira ya poliuretheni. Sehemu inayobaki wazi ivikwe kofia ya bati. Siku ya kuendelea na nguzo, kisiki kinavunjwa kwa tindo na nondo ziko hai.

Kabla ya yote hayo, ingieni ndani mkague dari kwa nyundo ndogo. Pagongwe taratibu, hatua kwa hatua. Zege zima linalia kwa sauti kali. Lililoachana na nondo linalia kama mtungi mtupu. Mkiona madoa ya kutu au plasta imevimba kwa mstari ulionyooka, nondo ya ndani imeanza kuliwa. Hapo hakuna mpako wa juu utakaoponya. Zege lililokufa litolewe mpaka nyuma ya nondo, chuma kisafishwe, pajazwe upya kwa mota ya kukarabatia. Zile chumvichumvi nyeupe zinazoning'inia darini ni chokaa ya saruji inayoyeyushwa na maji ya mvua. Zenyewe si hatari kubwa, lakini zinakuonyesha njia ya maji.

Msidhani tone linapodondokea ndipo juu yake palipotoboka. Slabu ina mabomba ya nyaya za umeme yaliyozikwa humo. Nyumba moja mtaa wa Sakina, hapa Arusha, tulitafuta tundu juu ya taa ya sebuleni siku mbili nzima. Maji yalikuwa yanaingilia kwenye boliti za dishi la televisheni, karibu mita 4 mbali, yanatembea ndani ya bomba la umeme mpaka kwenye taa. Kama kwako maji yanatokea kwenye taa, zima umeme wa mzunguko huo leo hii, usisubiri mpako.

Lami itoke yote. Mpako wa saruji unashikana na zege, haushikani na lami. Ukiupaka juu utabanduka kama ganda la kidonda, na lami ikilainika kwa jua itaukata. Msiiyeyushe kwa petroli, mtaizamisha kwenye vitundu vya zege na hamtaitoa tena. Anzeni alfajiri lami ikiwa imepoa na ni kavu, inang'oka kwa mabamba chini ya kwangua la chuma. Kilichobaki kinasagwa kwa grainda yenye diski ya kikombe mpaka mwone punje za mchanga na kokoto. Mafundi wavae barakoa, vumbi la zege huharibu mapafu. Ni kazi ya siku kadhaa, na ndiyo inayofanya mafundi waseme "tutapaka juu tu". Isimamie wewe mwenyewe au mtu unayemwamini.

Umesema slabu imelala sawa. Maana yake maji hayana pa kwenda, yanasimama madimbwi na kungojea kasoro. Paa la zege linataka mteremko wa sentimita 1 na robo kwa kila mita, angalau. Ukimwaga mota ya mteremko kutoka katikati kwenda pande mbili, mita 4 kila upande, inaanzia sentimita 3 ukingoni na kufika 8 katikati. Wastani ni 5.5, kwa mita za mraba 80 ni mita za ujazo 4.4, zaidi ya tani 9. Ni mzigo wa lori zima unaoupandisha juu ya vichwa vyenu na hautashuka. Slabu iliyosanifiwa kubeba ghorofa kwa kawaida inaumudu, lakini mhandisi aone michoro na unene wa slabu kwanza. Kama michoro ilipotea, aje apime. Hapo usibane matumizi.

Kazi ya kupaka yenyewe ni fupi. Fanyeni kati ya Juni na Septemba, au Januari hadi Februari katikati ya vuli na masika. Mota mpya ya mteremko ipewe siku 28 kukomaa. Kona zote ambako slabu inakutana na ukuta zizungushwe kwa mota, zisiwe na pembe kali. Slabu imwagiliwe; wakati wa kupaka iwe na rangi ya kuiva ya unyevu lakini isiwe na maji yanayong'aa. Anzeni alasiri, kuanzia saa tisa hivi, si asubuhi. Asubuhi zege linapata joto, hewa iliyomo kwenye vitundu inatanuka na kuutoboa mpako mbichi kwa vipovu. Alasiri zege linapoa na kuuvuta mpako ndani.

Yale maziwa yatangulie kwenye ndoo, unga ufuate kidogo kidogo huku ukikorogwa kwa mashine ya mwendo wa polepole. Maji yasiongezwe. Ndoo ikianza kuwa nzito baada ya nusu saa fundi atataka kuilegeza kwa kikombe cha maji, na kikombe hicho ndicho kinachoua mvutiko uliolipia. Akoroge kiasi anachoweza kumaliza. Koti la kwanza lipigwe kwa brashi ngumu likandamizwe kwenye zege, neti izamishwe humo likiwa bichi, na koti la pili siku inayofuata kwa kukatiza lile la kwanza.

Hesabu mifuko, mama. Aina nyingi hutumia karibu kilo 1.7 kwa mita moja ya mraba kwa kila milimita ya unene. Kwa milimita 2 juu ya mita 80 ni kilo 270 na kitu, unga na maziwa pamoja, bila kuhesabu visiki na kona. Fundi akija na kilo 100 amekuja kukupaka rangi. Soma pia mfuko: EN 1504-2 ndicho kiwango cha Ulaya cha vitu vya kulinda uso wa zege, na karatasi ya maelezo ya bidhaa iseme wazi kama inaruhusiwa kubaki juani au lazima ifunikwe kwa vigae au koti la juu. Wakimaliza na mpako ukakomaa wiki moja, zibeni midomo ya kutolea maji, jazeni sentimita 3, muache saa 48. Malipo ya mwisho yasubiri hapo.

Tanki nalo ni habari nyingine, ingawa ndoo ya dukani inaweza kuwa hiyo hiyo. Kwanza hakikisha linavuja. Lijaze, weka alama ya penseli, na uning'inize humo ndani ndoo ya maji nayo yenye alama. Baada ya siku mbili, kama maji ya tanki yameshuka kuliko ya kwenye ndoo, hiyo tofauti ndiyo inayopotea. Funga koki zote ujaribu tena, maana mara nyingi mwizi ni bomba la kutolea maji na si ukuta.

Mpako unaovutika unapendeza sana ndani ya tanki, kwa kuwa maji yenyewe yanaukandamiza ukutani. Lakini wewe uko Rau. Msitu wenu wa Rau unaishi kwa maji ya ardhini, na sehemu nyingi za jirani maji hayako mbali na uso wa ardhi. Masika tanki likiwa tupu, maji ya nje yanasukuma kuingia ndani, na mpako ulioko ndani unasukumwa mgongoni mpaka unavimba. Kama mkichimba kando ya tanki mnakutana na maji juu ya usawa wa sakafu yake, basi koti la kwanza liwe la saruji ngumu ya kuzuia maji ya mgongo, ile inayozama na kuziba vitundu vya zege, ndipo mpako unaovutika uje juu. Na msilimalize maji tanki hilo masika. Tanki tupu ndani ya ardhi iliyojaa maji linaweza kuinuliwa kama mtumbwi.

Bidhaa iwe imeandikwa wazi kwamba inafaa kwa maji ya kunywa. Lami isiingie humo kamwe. Baada ya kupaka, siku saba za kukomaa, lijazwe, maji ya kwanza yamwagwe. Na mtu asishuke tanki peke yake, wala jenereta, mkaa au pampu ya petroli visishushwe humo hata kwa dakika tano. Awepo mtu juu ameshika kamba iliyofungwa kwa aliye chini. Watu hufa humo kimya kimya, na yule anayeruka kumwokoa hufa naye.

Kwa hiyo kijana wako mwambie asubiri wiki tatu, na kama ni fundi kweli atakubali. Weka jipsamu kesho asubuhi: mbili kwenye ufa mrefu kuliko zote, moja kila kona, na moja karibu na kundi la nondo lililo juu ya sebule. Kisha niandikie zipi zilikatika na kwa upana gani, nikwambie mkanda uwe wa sentimita ngapi.